Macha ya Rukia na Radhi Yangu

Mwanangu Sabra,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Sasa hivi acha niandike haraka, maana umekwenda Magomeni kumuaga bibi yako, na ukinikuta sijamaliza nitaikunja karatasi hii nijifanye naandika mahitaji ya genge. Unanijua. Kusema mbele za watu sishindwi, wapagazi wa Mtaa wa Kongo wote hunyamaza nikianza. Ila wewe ukinitazama kwa hayo macho ya baba yako, Mungu amrehemu, maneno yanageuka njiani yanatoka mengine. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiubeba kwenda kuwaonyesha madarasa mengine, kwa hiyo ukikuta kosa humu, ni la kalamu.

Sitakuandikia habari za kufunga begi, wala sweta, wala usimpe mtu simu yako kwenye basi. Hayo umeyajua tangu unasukwa mabutu. Nakuandikia kwa sababu leo mchana uliniomba radhi, nami sikukupa.

Ulikuja jikoni, ukapiga goti kama nilivyokufundisha, ukasema, "Mama, kesho naondoka, naomba radhi yako." Mkono wangu ulikuwa juu ya blenda. Nikaiwasha. Ilikuwa imejaa embe na barafu, ikanguruma mpaka vijiko vikatetemeka kwenye sinia, nami nikaiacha ingurume kupita haja ya embe, juisi yote ikawa povu. Ulingoja hapo hapo chini. Nilipoizima nikakwambia, "Nenda kamuage bibi yako kabla foleni haijaanza." Ukasema, "Haya, mama." Watu wa pwani tunajua safari isiyo na radhi ya mama ni safari ya namna gani, na wewe unajua, ndiyo maana ulichukua muda kuvaa viatu vyenye mkanda mmoja. Nilikuona.

Wewe unadhani nina hasira kwamba unaondoka. Sina. Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba binti yangu kamaliza chuo cha hoteli na kazi kapata, kazi ya kuitwa, si ya kuomba. Mama Shose wa duka la vyombo hapo mbele ameshanikataza kuirudia habari hiyo kabla hajafungua duka. Nilicho nacho ni wivu, Sabra. Ule ule ambao wanawake wenzangu wanautungia mafumbo kwenye kanga. Tofauti ni kwamba wenzangu wanamwonea mke mwenza, mimi namwonea mdogo wangu wa tumbo moja.

Rukia. Mama yako mdogo. Mwenye mgahawa Arusha, ambao watalii wakishuka mlimani wanakwenda kukaa humo na kompyuta zao. Kesho unakwenda kufanya kazi kwake, kulala kwake, kula kwake.

Yote yalianza na kile kikopo alichokutumia kwa basi, kidogo kama kopo la losheni ya mtoto, ndani unga wa kijani. Ukaniambia, "Hii ndiyo macha, mama. Ni majani ya chai ya Wajapani, wanayasaga mpaka yanakuwa unga." Nikakuuliza bei, ukanitajia, nikatafuta kigoda nikakaa.

Ukaisimamisha simu kwenye kopo langu la sukari, Rukia akiwa ndani ya kioo na kilemba chake cha kisasa. Ukauchekecha ule unga kwenye kichujio cha chai, ukaumiminia maji ya moto yasiyochemka, ukaukoroga kwa kile kijifagio cha mianzi, mbio mbio, mpaka povu likasimama. Vipande vya embe na ndizi ulikuwa umeshavigandisha kwenye friza yangu. Embe nililichagua mimi. Bolibo, limeiva mpaka kwenye kikonyo, usilisahau hilo unapohesabu walimu wako. Embe, ndizi, maziwa, barafu, ukavisaga vikawa vizito kama uji wa futari, ukavitanguliza kwenye bilauri, kisha ule ukijani ukaumwaga juu taratibu, vikakaa kila kimoja na mahali pake. Mimi nilikuwa nyuma yako nakuna nazi. Moyo ulikuwa umevimba. Mikono ile nimeizaa mimi.

Ndipo ukauliza, "Mama, hivi?"

Nikakujibu, "Hivyo hivyo, mwanangu, ila punguza barafu."

Hata hukugeuka. Ukasema, "Siyo wewe, mama. Naongea na mama."

Najua hukukusudia. Kwetu mama mdogo ni mama, sikatai, hata mimi wa kwangu nawaita hivyo. Lakini siku zote ulikuwa ukimwita mama mdogo, kwa kirefu, na mimi lile "mdogo" nilikuwa nalipenda kuliko nilivyojua. Siku ile likadondoka, nami nikalisikia linavyodondoka. Nikaendelea kukuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu, nazi niliyokuna ikawa na weusi.

Ukanipa bilauri ya kwanza nionje. Nikasema nimefunga. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekula vitumbua mbele yako. Hukubisha. Ukaifunika kwa kisahani, ukaiweka kwenye friji, ukasema, "Nimekuwekea, mama, utafungulia." Na tangu hapo kila ukitengeneza unaniwekea yangu, na kila ukiondoka naipeleka kwa Mama Shose. Sasa unajua kwa nini amenawiri.

Watu husema wivu unapofusha. Mimi ulinifumbua macho yote mawili nikaiona njia mbaya vizuri kabisa. Nikasema, macha kitu gani? Mimi ndiye Mama Sabra wa juisi. Ukwaju wangu watu wanaufuata toka Msimbazi na Mnazi Mmoja na chupa zao mkononi, wanawapita wauza juisi wengine kama hawawaoni. Nitatengeneza yangu, na ya kwangu itaifunika ya Arusha.

Sikutaka kukuomba unga wako. Kumwomba mtoto kitu alichopewa na Rukia, hapana. Nikasema Kariakoo kila kitu kina pacha wake wa bei nafuu. Simu ina pacha, viatu vina pacha, manukato ya mashehe yana pacha. Macha ikose kwa nini? Nikaenda kwa yule muuza mitishamba anayekaa upande wa pili wa soko, nikamwambia nataka unga wa kijani wa kutia kwenye juisi.

"Nina huu, mama. Mlonge. Unaongeza damu, unashusha presha."

"Nataka macha."

"Macha ndiyo nini?"

"Unga wa kijani wa Wajapani."

Akautazama mfuko wake, akanitazama mimi. "Mama yangu, Wajapani wana kijani chao na sisi tuna cha kwetu. Kijani si kijani?"

Ningekuwa na akili zangu ningecheka nikaondoka. Lakini hilo ndilo nililokwenda kulisikia, kwa hiyo nikanunua.

Nikaja nikauchemsha. Wewe uliniambia maji yasichemke, nilikusikia, lakini chai isiyochemka kwangu mimi ni maji ya kunawia. Nikatia iliki, nikatia tangawizi, maziwa, sukari, nikaupika kama chai ya sikukuu. Ulipopoa nikautia embe na barafu, nikasaga. Rangi yake ilikuwa ya dimbwi baada ya mvua, harufu yake sina la kuifananisha nayo. Nikajiambia ndivyo ilivyo, vitu vya wageni vina harufu.

Nawe ukanikuta Jumamosi ile gengeni nimejipanga, bilauri zimeng'arishwa, natangaza, "Leo kuna macha ya Mama Sabra, siyo ya Arusha." Mama Shose nikampa ya kwanza. Akaionja, akaitazama kwa upande, kama wanavyotazama Wachaga kitu kabla hawajataja bei.

"Mama Sabra, hii tunakunywa au tunalia ugali?"

"Kunywa, shosti, usiniletee ushamba wa Moshi."

"Nakunywa. Ila kama ni mlonge niambie mapema. Leo niko peke yangu dukani, nikikimbilia chooni nani ananiangalizia mzigo?"

Wapagazi wakacheka mpaka mmoja akatua gunia lake. Na mimi nikacheka, unanijua, sikubali kuchekwa peke yangu. Nikakugeukia wewe. Nilikuwa nakungoja wewe. Ukaipokea kwa mikono miwili, ukainywa yote, mpaka chini kwenye mashapo, usikunje hata paji la uso. Ukasema, "Tamu, mama. Asante."

Sabra. Wewe ndiye mtoto uliyeurudisha wali wangu mbele ya wageni ukasema una mchanga. Wewe ndiye uliyeniambia, tena katikati ya Ramadhani, kwamba ukwaju wangu umezidi sukari mpaka koo linawasha. Nilikutukana siku hiyo, nikakuambia ukafuturu kwa jirani, na kesho yake nikapunguza sukari kimya kimya, na ndio ukwaju huu ninaoringia leo. Sasa mtoto huyo anakunywa mlonge uliochemshwa na tangawizi, ananiambia tamu, asante, halafu anaiosha bilauri, anaipangusa, anairudisha mahali pake. Hivyo unavyofanya ukienda kwa mama za rafiki zako.

Mama Shose hakuniumiza. Kucheka kwa watu hakukuniumiza, mtu wa genge ngozi yake ni ya ngoma. Kilichoniumiza ni ile adabu. Nilijiona nimekaa kwangu, gengeni kwangu, napewa heshima ya mwenyeji na mwanangu mwenyewe. Nikajua umeshaondoka, bado begi tu.

Jumapili nikaenda Magomeni kumshtaki Rukia kwa mama yetu. Hukuambiwa, nilisema naenda kununua limau. Bibi yako alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwaga yote. Kwamba Rukia ananichukulia mtoto, kwamba ana kila kitu, mgahawa, gari, kilemba, sasa anataka na jina langu. Bibi yako hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Rukia alikuwa akikuita nani alipokuwa mdogo?"

Nikasema, "Dada."

"Hilo lilikuja baadaye. Mwanzo?"

Nikakumbuka. Tulikuwa tukikaa nyumba ya vyumba vya kupanga, bibi yako anatoka alfajiri kwenda Feri kununua samaki, anakaanga, anauza mpaka jioni. Rukia alikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa msichana mdogo, naye mzito, lakini nilimbeba, nikamlisha, nikamwogesha, nikamfundisha kutembea kwa kumvuta na ncha ya kanga. Akaanza kusema, akaniita mama. Mimi nikafurahi, nikawa nazunguka naye kwa wasichana wenzangu nawaambia, "Msikilizeni, msikilizeni ananiitaje."

Bibi yako akasema, "Nilikuwa nikirudi na beseni kichwani namwita, njoo mwanangu. Anakimbia kujificha nyuma ya kanga yako. Na wewe unacheka."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Nilikuwa na samaki wa kukaanga."

Akapepeta mchele wake. Nilijaribu kuukumbuka uso wake wa jioni zile nikashindwa. Nakumbuka beseni, nakumbuka harufu ya mafuta kwenye nguo zake, nakumbuka mpaka sauti ya ndala zake uani. Uso siukumbuki kwa sababu sikuutazama. Nilikuwa namtazama Rukia.

Sikuandikii hili ili uwe unanitazama uso kila mara, utanichosha. Nimekuandikia kwa kuwa katika maisha yangu nimejua mengi kwa kelele, hili nimelijua kwa kimya cha mtu mwingine, na lilichukua muda mrefu mno kunifikia. Nawe usidhani nilirudi kutoka Magomeni nimekuwa malaika. Nilipanda gari nimenuna, nikashuka nimenuna.

Rukia mwenyewe alinipigia simu juzi. Wewe ulikuwa unaoga.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mtoto umeshamchukua, sasa umebakiza nini, masufuria?"

Akacheka. Anacheka kama mimi, ndicho kinachoniudhi zaidi. "Dada, mtoto ni wako. Huku wapishi wangu wamechoka naye hata hajafika. Akiwafundisha kwa simu kuchagua embe, kila neno ni mama yangu kasema, mama yangu kasema."

"Unanibembeleza."

"Nakubembeleza, ndiyo. Lakini ni kweli."

Kubembeleza nilimfundisha mimi, alipokuwa anakataa uji. Kwa hiyo nikipima maneno yake naondoa nusu. Ile nusu iliyobaki nimekaa nayo tangu juzi, na sikatai, inapasha moto.

Haya, sasa ya leo. Ulipoondoka kwenda kwa bibi yako, jikoni pakawa kimya. Nikafungua friji kutafuta limau, nikaikuta bilauri yangu, umeifunika kwa kisahani kama kawaida. Nimekunyima radhi, umepiga goti bure, na bado umeniwekea. Mama Shose alikuwa dukani kwake, ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilikaa pale mezani nikainywa.

Kwanza ilinijia ladha ya majani mabichi, kama utotoni ukiuma unyasi, nikasema moyoni, kumbe ndiyo hii wanayoringia. Kisha embe likafika kwa nyuma na ubaridi wake, ule uchungu ukapata pa kukaa. Nikanywa tena nihakikishe. Nikaendelea kuhakikisha mpaka barafu ikagonga meno.

Ni nzuri, Sabra. Naiandika mara moja tu na karatasi hii usimwonyeshe mtu. Haina sukari na ni nzuri, jambo ambalo mimi nimelipinga tangu nianze biashara. Ningeikuta mbaya ningekuwa na amani. Ningesema Rukia kakupata kwa hila, kakulaghai kwa vitu vya rangi rangi, utachoka utarudi. Lakini ni nzuri, na mimi sikuwa nayo, na kwangu usingeipata mpaka uzeeke. Kanipita kwa haki. Mtu akikupita kwa haki huna hata pa kushika umvute.

Kwa hiyo nikachukua kalamu.

Radhi yangu unayo, mwanangu. Unayo toka utosini mpaka unyayoni, radhi ya maziwa na ya mgongo, ya yale niliyokupa nikiwa na furaha na ya yale niliyokupa nimenuna. Ulikuwa nayo hata mchana ule blenda inanguruma, ni mdomo tu uligoma. Sikuiwekea masharti. Radhi yenye masharti ni biashara, na biashara mimi nafanyia gengeni. Nenda, fanya kazi, uwashinde wote humo mgahawani, akiwemo mwenye mgahawa, wala usimhurumie kwa kuwa ni ndugu.

Mwite mama. Nimelizungusha neno hilo kichwani mchana kutwa na halijaniua. Ukiwa mbali utahitaji mtu wa kumwita hivyo asubuhi, na kama si mimi, basi awe yule niliyembeba. Hata akikuita mwanangu mbele ya wazungu wake, mwachie, aringe kidogo. Mimi niliringa na yeye mtaa mzima. Ila ukishikwa na homa, simu ya kwanza ni yangu. Hilo halimo kwenye radhi, ni ombi tu la mtu mzima, lakini ukilisahau nitapanda basi nije nigombane nanyi wote wawili.

Na chakula changu, ukija likizo, kikiwa kibaya sema ni kibaya. Nitakutukana, nitasema Arusha imekuharibu, nitakwambia ukale kwa Mama Shose. Wewe sema tu.

Naona wanaanza kuadhini magharibi, na sauti kama yako naisikia huko chini unasalimiana na watu wa duka. Barua hii naitia kwenye begi lako, chini ya mashuka, utaikuta huko huko. Radhi nitakutamkia leo hii kwa mdomo, ukipanda tu ngazi, kabla mkono wangu haujapata kitu cha kuwasha.

Kesho asubuhi usinishukuru kwa lolote. Mgeni ndiye anayeaga kwa shukrani. Wewe nilalamikie kwamba chai imepoa, bamiza mlango kama unavyoubamiza siku zote, na ushuke ngazi bila kugeuka.

Ni mimi, mama yako wa kukuzaa,
Mwanahawa